Makofi kwa Bwana Harusi

Maiti ilikuwa imelala chali katikati ya jukwaa, ua la karatasi likiwa limebandikwa kwenye kola ya shati.

Inspekta Mukai Kitavi wa idara ya upelelezi alipoingia ukumbini, Koplo Mbuthia akimfuata nyuma, mtu mmoja katika safu ya mwisho alipiga makofi.

"Sasa polisi wameingia," alimwambia jirani yake akicheka. "Cheki vile wamevaa poa."

"Mimi ni polisi wa kweli," Mukai alisema. "Na huyu amekufa kweli. Keti."

Kicheko kilikatika. Yule mtu aliketi taratibu, kinywa wazi. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alianza kulia, na wengine wakamtazama kwanza kabla ya kuamua kama walie naye.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya jiji. Kila Jumamosi alasiri, kundi la Papo Hapo liliigiza pale michezo isiyoandikwa popote. Watazamaji walipaza sauti wakitaja mahali, kazi au tukio. Mshereheshaji aliokota neno moja, na waigizaji wakaanza kucheza papo hapo, wala wenyewe hawakujua mchezo ungeishia wapi.

Siku hiyo neno lilikuwa harusi. Macharia, mwanzilishi wa kundi, alikuwa bwana harusi. Alilishwa keki, akashika koo, akayumba, akaanguka. Watu walicheka hadi machozi yakawatoka. Walikuwa bado wanacheka alipoacha kupumua.

Mukai alipiga magoti kando ya maiti. Uso ulikuwa umevimba, midomo minene, kope zimefumba kwa uvimbe. Hapakuwa na jeraha wala damu.

"Sumu?" Mbuthia aliuliza.

"Sijui. Ifungeni keki hiyo ipelekwe maabara. Nani mwingine aliila?"

"Bibi harusi, afande. Na daktari."

"Daktari gani?"

Mbuthia alijikuna kisogo. "Wa mchezo."

Bibi harusi aliitwa Debra. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa, shuka jeupe likiwa bado limezungushwa kichwani.

"Ulikula keki hii?"

"Tulilishana. Mimi ndio nilianza."

"Unajisikiaje?"

"Niko tu sawa, afande. Hiyo ndiyo inanitisha."

"Nani aliamua keki iletwe jukwaani?"

"Hakuna mtu. Wanjugu alikuja nayo tukate baada ya shoo, ilikuwa ya birthday ya kundi. Ilikuwa hapo kando mezani. Macharia akaiona akaibeba. Huyo ukimwekea kitu karibu na jukwaa, lazima akitumie."

"Na nani alijua leo mtacheza harusi?"

Debra alimtazama kana kwamba hakuelewa swali. "Hakuna mtu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hatujui."

Mukai aliandika jibu hilo, akalisoma tena, lakini halikumsaidia. Mtu atapangaje kumuua mwenzake ndani ya mchezo usiopangwa?

Nthiwa, aliyecheza daktari, hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi," alisema. "Nimemuua mimi."

Mkono wa Mbuthia ulienda kwenye pingu. Mukai alimzuia kwa jicho.

"Umemuua vipi?"

"Na sindano."

"Ulimdunga wapi?"

"Kwa paja. Mara mbili."

"Sindano iko wapi?"

Nthiwa alifungua kiganja. Kilikuwa kitupu.

"Haikuwepo," alisema. "Ilikuwa ya kuigiza. Sisi mtu akisema kitu kwa jukwaa, huwezi kataa. Unakubali, halafu unaongeza yako. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na ni yeye alitufunza. Akasema 'sindano'. Mimi nikasema, sawa bwana harusi, hii hapa, nikamdunga hivi. Watu wakacheka sana. Akanishika shati. Akasema tena 'sindano', sauti ikatoka ndogo. Nikaona anataka mchezo uendelee. Nikamdunga ya pili." Alifunga kiganja. "Alikuwa ananiomba kitu cha ukweli, afande. Si ndio?"

Katika miaka yake yote ya kazi, Mukai hakuwahi kupata ungamo la aina hiyo, ambalo lilikuwa la kweli na bado si la kweli.

Wa mwisho kuhojiwa alikuwa Wanjugu, mshereheshaji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtulivu, na bado alikuwa ameshika kipaza sauti ingawa kilikuwa kimezimwa.

"Keki uliitoa wapi?"

"Bekari ya Dagoretti Corner. Boksi yao iko pale."

"Nani alisema harusi?"

"Watu. Mimi huwa naokota tu."

"Ulikuwa na ugomvi na Macharia?"

"Macharia alinifundisha kila kitu ninachojua."

Mukai alitambua baadaye kwamba hilo halikuwa jibu la swali lake.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Mbuthia alipekua mkoba wa marehemu. Ndani mlikuwa na taulo, chupa ya maji na kifaa cha plastiki kama kalamu nene, chenye sindano ndani. Hakikuwa kimetumika.

"Kwa hivyo sindano ilikuwepo," Mbuthia alisema.

"Ilikuwepo. Lakini si mkononi mwa daktari."

Walitazamana, kila mmoja akitarajia mwenzake aelewe.

*

Siku chache baadaye, Daktari Mbithi, mpasuaji wa maiti, aliwapokea katika mochari ya hospitali moja kubwa kule Upper Hill.

"Hakuna sumu," alisema.

"Basi ameuawa na nini?"

"Koo lilivimba likafunga njia ya hewa. Ni mzio, Inspekta. Maabara imekuta njugu karanga zilizosagwa kwenye keki, nyingi tu. Wewe ungeila ukaomba kipande kingine. Kwake yeye ilikuwa kifo." Aliinua picha ya kile kifaa cha plastiki. "Na hii ndiyo dawa yake. Angedungwa mapema, leo angekuwa kwake anakunywa chai."

Nje ya mochari aliketi Everlyn, dada wa pekee wa Macharia. Wazazi wao walikuwa wamefariki zamani. Macho ya Everlyn yalikuwa makavu na mekundu.

"Pole sana, dadangu," Mukai alisema. "Nani alijua kwamba kaka yako hali njugu?"

"Alikuwa akificha. Shuleni wavulana walimtilia njugu kwenye uji kwa mzaha, nusura afe. Tangu hapo hakutaka mtu ajue. Alisema ukiwapa watu udhaifu wako, watauchezea."

"Hakuna hata mmoja kwenye kundi aliyejua?"

"Mmoja. Wanjugu. Mwaka jana walienda kuigiza Machakos, akala mchuzi uliotiwa njugu. Ni Wanjugu aliyemdunga ile sindano, akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka asubuhi." Everlyn alipangusa pua. "Ndiyo maana nakuambia, tafuta mwingine. Huyo alimwokoa."

Garini, Mukai aliyapitia upya aliyoandika. Mtu mmoja tu ndiye aliyeijua siri, na ndiye huyo huyo aliyemwokoa marehemu. Kila alipovuta uzi mmoja, mwingine ulikaza.

"Labda ni ajali," Mbuthia alisema. "Bekari walitia njugu, Wanjugu hakujua."

"Labda."

Jibu la kwanza lilitoka kwa Stacy, mwanafunzi aliyekuwa amekaa safu ya mbele siku ile na kurekodi mchezo wote kwa simu. Mukai aliitazama video ofisini. Hakutazama uso wa Macharia. Alifumba macho, akasikiliza.

Watazamaji walikuwa wakipiga kelele. "Bunge!" "Kinyozi!" "Matanga!" "Mwalimu mkuu!" Kisha sauti ya Wanjugu ikasikika: "Nimesikia harusi!"

Mukai alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Alimwita Mbuthia, akamwambia afumbe macho pia.

"Nani amesema harusi?" alimuuliza.

Mbuthia alisikiliza mara tatu. "Hakuna mtu, afande."

"Hakuna mtu. Ila yeye."

Waliendelea kutazama. Macharia alipoanza kushika koo, Wanjugu alionekana pembeni mwa picha. Alishusha kipaza sauti. Alitembea haraka hadi mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akashika kitasa. Wakati huo Nthiwa alikuwa akidunga sindano yake ya hewa, na ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Wanjugu aligeuka. Alisimama akiwatazama watu. Kisha akaachilia kitasa, akarudi, akainua kipaza sauti.

"Makofi kwa bwana harusi!"

Mbuthia alizima simu mwenyewe, bila kuambiwa.

"Alikuwa anaenda kuichukua," alisema. "Alikuwa ameshafika."

"Ndiyo. Sasa niambie kwa nini alirudi."

Jioni hiyo Mbuthia alikuja na video nyingine, ya mwezi uliotangulia, aliyoikuta mtandaoni. Ilikuwa imetazamwa na watu wengi mno. Jukwaani neno lilikuwa hospitali. Macharia alikunja koti lake, akampa Wanjugu kama mtoto.

"Mama Nyakio," alisema kwa upole wa kuchekesha, "mtoto amelala. Mwimbie."

Wanjugu alilitazama koti. "Pazia," alisema.

"Pazia limekwama!" Macharia aliwaambia watazamaji, nao wakacheka. Wanjugu alisema tena, "Pazia." Macharia alijifanya anavuta kamba isiyovutika. Watu waligaragara. Mwishowe Wanjugu alianza kuliimbia koti, sauti ikimkatika, na watu wakazidi kucheka.

"Anaigiza vizuri," Mbuthia alisema kwa kusitasita.

Mukai alimpigia Debra. "Pazia ni nini kwenu?"

"Ni neno la kusimamisha mchezo, afande. Mtu akisema, wote tunaacha. Lakini Macharia alikuwa ameacha kuliheshimu. Alisema linaua mchezo."

*

Bekari ya Dagoretti Corner ilikuwa imebanwa kati ya duka la dawa na la viatu, hatua chache kutoka steji ya matatu. Mwenye bekari alifuta mikono kwenye aproni.

"Njugu? Hatutumii njugu hapa, madam. Keki aliyonunua ilikuwa ya vanila."

"Unamkumbuka aliyenunua?"

"Nitamsahau vipi? Huyo ni Mama Koti." Alionyesha steji kwa kidevu. "Hao vijana wa matatu waliona ile video. Kila akipita wanavua makoti wanamrushia. 'Mama Koti, bembeleza huyu!' Siku hiyo ya keki aliingia hapa ndani akisubiri wachoke. Nilimpa kiti. Sijui walimkosea nini, ni wimbo tu, lakini alikuwa anatetemeka."

Basi keki ya bekari haikuwa na njugu, na keki iliyoliwa ilikuwa nazo. Boksi lilikuwa la duka, keki ilitoka kwingine.

Mutuini, nyumbani kwao Wanjugu, kulikuwa na ukungu mwepesi. Walimkuta mama yake Wanjugu akipepeta maharagwe nje ya nyumba ya mawe, kati ya shamba la sukuma na vyumba vipya vya kupangisha. Wanjugu alikuwa shambani, alisema, akiwakatia ng'ombe nyasi. Wakaribie, maji ya chai yalikuwa karibu kuchemka.

"Ninyi ni wenzake wa kazi?"

"Sisi ni polisi, mama. Kuhusu yule mwenzao aliyefariki."

"Ooh. Maskini Macharia. Alikula hapa kwangu mara nyingi." Mama alitikisa kichwa. "Tangu siku hiyo msichana wangu halali. Na vile alikuwa amejitahidi na ile keki!"

"Keki ya duka?" Mukai aliuliza polepole.

"Hapana, ya duka tulikula sisi hapa. Yake alioka mwenyewe, kwa sufuria ya makaa. Tulikaanga njugu pamoja, nikamsagia mimi kwa mikono hii." Alitabasamu. "Nilimwambia wataipenda."

Mukai aliinamisha kichwa. Mara nyingi alikuwa amepata ushahidi kwa hila na kwa vitisho. Huu alikuwa amepewa pamoja na kiti cha kukalia, na ulimchoma.

Karibu na ua palikuwa na tuta dogo, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Msalaba wake ulikuwa mfupi kama mkono. Jina lilikuwa Nyakio.

"Huyo ni mjukuu wangu," mama alisema alipoona anakotazama. "Alipewa jina langu, mimi ndiye Nyakio mkubwa. Hakukaa hata wiki. Huwa hatumzungumzi."

Wanjugu alitokea na mzigo wa nyasi begani. Aliwaona, akauweka mzigo chini kwa utaratibu, akapangusa panga kwa jani, akaliegemeza ukutani. Mama aliingia jikoni kuangalia chai.

"Hulazimiki kusema chochote," Mukai alimwambia. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani."

"Najua."

"Hakuna aliyesema harusi."

"Hakuna."

"Na keki ulioka wewe."

"Ndiyo."

"Ulitaka afe?"

Wanjugu alifikiri. Alionekana kama mtu anayelitafuta jibu kwa mara ya kwanza.

"Sijui, afande. Nakuambia ukweli, hapo hata mimi sielewi. Nilipokuwa naoka nilijua sindano iko kwa mkoba wake. Nilisema, ataumia kidogo, ataogopa mbele ya watu, aombe mchezo usimame na usisimame. Halafu nimletee sindano. Nilikuwa nimejiona nikimletea."

"Kwa sababu ya koti."

"Ile usiku ya Machakos, hospitalini, aliniambia yake. Vile wavulana walimtilia njugu, vile aliogopa kufa watu wakicheka. Na mimi nikamwambia yangu. Mtoto, jina, wimbo. Hakuna mtu mwingine nilikuwa nimeambia huo wimbo." Alitazama lile tuta. "Akaupeleka jukwaani. Nikasema pazia. Ulisikia? Nilisema."

"Nilisikia. Mara mbili."

"Baada ya shoo alinikumbatia. Alisema, 'Hiyo ndiyo kazi yako bora kabisa.' Hakuwa ananitania. Alikuwa na furaha ya ukweli. Alitaka tuirudie kila mwezi. Nilijaribu kumweleza, akaniambia uchungu ukiuweka jukwaani unaisha. Wangu haukuisha. Nikawa Mama Koti."

"Ulifika mlangoni, Wanjugu. Ulishika kitasa."

"Nilishika."

"Mbona ulirudi?"

Hapo ndipo utulivu ulipomwacha. Alikaa chini, juu ya nyasi alizokata.

"Nilisikia wakicheka," alisema. "Walicheka vile vile. Sauti ile ile, watu wale wale. Nikasema, basi, waache wamalize. Kidogo tu. Halafu nikajisikia nikisema makofi. Kinywa ni changu, lakini sijui nani aliyesema. Na nilipotaka kurudi mlangoni, alikuwa ameacha kupiga miguu."

Mbuthia alikuwa akiandika. Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

Mukai alitazama msalaba mfupi, akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake. Kesi ilikuwa imekamilika. Kila kipande kilikuwa mahali pake. Alingoja ule wepesi uliomjia kila alipofunga kesi. Haukuja. Mahakama ndiyo ingeamua kama ile hatua ya kurudi kutoka mlangoni iliitwa mauaji au iliitwa jina jingine. Yeye hakujua angeiitaje.

"Nipe dakika nimwambie mama," Wanjugu alisema. "Asiambiwe na nyinyi."

"Mwambie."

Mama alitoka na birika. Wanjugu alimpokea, akaliweka chini, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kikuyu, sentensi fupi fupi, bila kuinua sauti. Lugha hiyo haiko mbali na Kikamba alichokulia Mukai, naye alielewa zaidi ya alivyotaka. Alisikia neno njugu. Aliona mama akiitazama mikono yake mwenyewe.

Mama hakupiga ukemi. Alivua sweta lake, akamvika binti yake, akafunga vifungo kimoja kimoja kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Huko ndani kuna baridi?" alimuuliza Mukai.

"Kuna baridi, mama."

"Na kortini ni lini?"

"Kesho asubuhi, Milimani."

Mbuthia alimwongoza Wanjugu hadi garini. Hakumfunga pingu mbele ya mama yake. Mukai alikuwa ameanza kuwafuata wakati yule mama alipomshika mkono.

"Huyo kijana, mamake yuko?"

"Alishafariki. Hakuwa na mtu ila dada mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Mama, si vizuri uende huko sasa. Anaweza kukufukuza."

"Anifukuze, ni haki yake." Machozi yalikuwa yakimtiririka sasa, lakini sauti ilikuwa imara. "Ni mimi nilisaga zile njugu. Niambie jina lake na mahali anakaa."

Mukai alitazama gari, akamtazama tena.

"Everlyn," alisema. "Ingia garini, mama. Nitakupeleka."